Mali Kauli ya Mapenzi: Siri na Kuaminiana Kutoka Tabora ya Misafara Hadi Riwaya za Leo

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna unafiki wetu mmoja, na ni vizuri tuukiri mapema. Mchana tukiwa semina tunajadili itikadi, migongano ya kitabaka na utamaushi. Usiku bwenini mtu anavuta shuka na kusoma kijiriwaya cha mapenzi kisicho na jalada, na ukimwuliza anasoma nini anakifunika upesi kana kwamba umemfumania. Kesho yake huyohuyo anasimama mbele ya mhadhiri na kusema kwamba fasihi ya namna ile "haina maudhui".

Makala hii haikusudii kuvitetea vijiriwaya hivyo vyote. Vingine ni vibovu, na ubovu wake hauhitaji mwanachuo kuugundua. Ninalotaka kuuliza ni swali la kihistoria: kwa nini hadithi ya mapenzi ya Kiswahili, hasa ile ya mji mdogo, karibu kila mara inajengwa juu ya siri? Na kwa nini siri hiyo ikishatoka hadharani anayelipa ni mwanamke?

Nimezaliwa Mtendeni, Tabora. Jina lenyewe linataja mitende, mti ulioletwa bara na wafanyabiashara Waarabu. Kwa hiyo nitaanzia nyumbani. Najua wapo watakaosema riwaya ni mazao ya mji mkuu na shule za kikoloni, si ya njia ya misafara. Sikatai. Lakini kabla riwaya haijaandikwa, watu walikuwa wamekwisha kuishi tatizo ambalo riwaya ilikuja kulisimulia, na hapa Tabora waliliishi mapema sana.

Mji wa wageni

Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba. Hesabu mwenyewe msomaji: zaidi ya miezi minne njiani. Walichokikuta ni makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ndani ya Unyanyembe, nchi ya mtemi Fundikira. Huko njia zilikuwa zikigawanyika, moja kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kwenda Karagwe na Buganda. Mizigo ya pembe ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi ambao walikuwa wakisafiri kwenda pwani tangu zamani kwa hiari yao na kwa malipo.

Mji wa namna hii una tabia yake. Nusu ya watu waliomo wanapita tu. Anayekuja anaeleza mwenyewe yeye ni nani, na hakuna shangazi wala mjomba karibu wa kusema "huyu namjua, mwongo". Aliyeacha mke pwani anaweza kukaa miaka bila mtu kumwuliza. Hapo siri haikuhitaji mtu kuwa mwovu. Umbali peke yake ulitosha kuizaa.

Biashara nayo ilikuwa na tatizo hilohilo. Mwenye mtaji, mara nyingi Mhindi wa Unguja kama Taria Topan, alimpa mtu vitambaa, shanga na baruti ili aende bara akarudi na pembe. Safari ni ya mwaka, miwili, mitatu. Anajuaje kama atarudi? Hajui. Ndipo lilipotumika neno ambalo mimi naliona ni zuri kuliko yote katika msamiati wa misafara: mali kauli. Maana yake ni mali uliyopewa kwa neno lako tu. Huna dhamana, huna shamba, una kauli. Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, alianza ukubwa wake kwa mikopo ya namna hii.

Nawaomba tulishike neno hilo, maana ndilo litakalotuongoza. Mwanamume wa njia ya misafara aliaminiwa kwa kauli. Je, mwanamke?

Karunde

Tippu Tip alituachia maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na W.H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959. Sisi katika idara zetu huyasoma kama chanzo cha historia au kama mwanzo wa tawasifu ya Kiswahili. Mimi nimejaribu kuyasoma kwa jicho la msomaji wa hadithi za mapenzi, na kilichonishangaza ni ukimya.

Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyefanya makao Tabora. Mama yake Tippu Tip alikuwa Unguja. Tabora baba alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Tazama umbo la hadithi hii: mwanamume mmoja, wake wawili, mmoja kila mwisho wa njia. Mwandishi wa vijiriwaya angepewa kisa hiki asingelala. Angeandika wivu, angeandika barua iliyopotea, angeandika usiku wa kwanza wa Karunde katika nyumba ya mgeni kutoka pwani.

Msimulizi wetu haandiki lolote kati ya hayo. Karunde yumo kwa sababu ndoa yake iliwafunga Waarabu na ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Yeye ndiye dhamana. Mume ana kauli. Mke ni rehani ya kauli ya wengine. Alimpenda Muhammed bin Juma? Alimwamini? Alijua habari za Unguja? Kitabu hakisemi, na hakisemi si kwa sababu msimulizi ni mvivu. Ni kwa sababu katika aina ile ya usimulizi maswali hayo hayakuwa habari.

Na Karunde alikuwa binti wa mtemi. Chini yake walikuwapo wanawake wengi ambao hata jina hawakuachiwa: watumwa walioletwa kutoka Manyema na kwingineko, masuria waliowekwa ndani bila kuulizwa. Hapa lazima tuwe wakali na nafsi zetu. Siku hizi ukizungumzia Tabora ya kale watu huota: mitende, ubani, kanzu nyeupe, tembe la Kwihara walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ukitaka kuandika riwaya ya mahaba katika mazingira hayo, utakutana kwanza na mwanamke asiyeweza kusema hapana. Penye mtu asiyeweza kusema hapana, "ndiyo" yake haitupi habari yoyote. Kwa hiyo sitaki kuiita ile zama ya mapenzi. Ninasema tu kwamba ilitega kitendawili: kuaminiana ni nini kama mmoja anaaminiwa kwa neno lake na mwingine anapimwa kwa mwili wake?

Kipimo hicho cha mwili kilivuka hata mipaka ya nyumba. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliandika juu ya imani ya wawindaji wa ndovu wa huku kwetu Afrika Mashariki: mke akikosa uaminifu nyumbani, ndovu hupata nguvu juu ya mume porini. Yaani mtu akikanyagwa na ndovu, anayeulizwa kwanza ni aliyebaki kijijini! Mwindaji naye alifanya nini njiani? Ndovu hakumwuliza.

Tusiseme hata hivyo kwamba wanawake wote walibaki nyumbani wakingoja. Wanawake wa Kinyamwezi walisafiri na misafara, walibeba vyombo, walipika, na wengine walifanya biashara yao wenyewe. Na mwaka 1893, baada ya Isike kushindwa na Wajerumani, utemi wa Unyanyembe ulishikwa na mwanamke, Nyaso. Historia ilikuwa na wanawake wenye kauli. Hadithi ndiyo iliyochelewa kuwaona.

Reli, shule na barua

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Safari ya miezi ikawa ya siku. Ungedhani siri zingepungua. Wapi! Zilibadilika sura tu. Tabora ilibaki kuwa mahali pa njia panda: hapa ndipo anayekwenda Mwanza anapoachana na anayekwenda Kigoma. Karani, mwalimu, askari, mfanyakazi wa reli, wote walihamishwa kwa barua ya serikali, na kila uhamisho uliacha nyuma mtu aliyeahidiwa kitu.

Shule ilileta barua ya mapenzi. Jambo hili tunalichukulia kirahisi mno. Barua ndiyo iliyompa msichana, kwa mara ya kwanza kwa wengi, nafasi ya kupokea neno lililomlenga yeye peke yake, si baba yake, si mshenga. Ile ni kauli kamili. Lakini ni kauli iliyoandikwa, inaweza kukamatwa. Na kwa kuwa mama na nyanya wengi hawakujua kusoma, barua mara nyingi ilisomwa na mtu wa tatu: mdogo wako, jirani, mwalimu. Mji mdogo ukawa na namna mpya ya kujua mambo ya watu. Ndiyo maana katika hadithi zetu za mapenzi barua hupotea, huibwa, hufunguliwa, huangukia mikono isiyofaa. Tusilione hilo kuwa ni ulegevu wa fani wa waandishi wetu. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Rosa Mistika

Hapa tunamfikia Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliyefariki Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa sababu ya yale iliyoyasema waziwazi juu ya miili ya wasichana na tabia za wakubwa wao. Baadaye ikaruhusiwa, na leo ni nani asiyeijua?

Wahakiki wameisoma riwaya hii kama kisa cha malezi mabaya: Zakaria, baba mlevi, anambana binti yake mno, na binti akipata uhuru anaharibika. Usomaji huo ni sahihi lakini hautoshi. Mimi naisoma kama riwaya ya kauli iliyokataliwa mara mbili.

Mara ya kwanza ni barua. Charles anamwandikia Rosa, barua inamfikia Zakaria, Rosa anapigwa. Tazama kosa lake ni nini. Hajafanya kitu. Ameandikiwa tu. Kauli ya mtu mwingine imeingia katika maisha yake bila idhini ya baba, na mwili wake ndio unaolipa. Tangu hapo amekwisha kufundishwa kwamba mapenzi ni jambo la kufichwa. Anakwenda shule ya Rosary, Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na siri juu ya siri inajengeka. Nje ya kitabu, kwenye ramani, anayetoka Mwanza kwenda Morogoro kwa reli hana budi kupita Tabora. Nikiisoma huwa namwona akichungulia dirishani stesheni yetu, usiku, wauza asali wakipita na chupa zao. Hilo halimo riwayani, ni langu mwenyewe, mnisamehe.

Mara ya pili ni Charles yuleyule. Anarudi, wanachumbiana, inaonekana mambo yatatengemaa. Kisha anagundua kwamba Rosa si bikira, na anamwacha. Rosa anajiua. Sasa tujiulize kwa utulivu: Charles alitaka kujua nini? Angeweza kuuliza. Angeweza kusema, "Niambie maisha yako, nami nitakwambia yangu." Hakuuliza, alipima. Mwanamume wa miaka ya sabini, aliyesoma, anatumia kipimo kilekile cha zama za misafara. Yeye anataka aaminiwe kwa kauli, mchumba wake athibitishwe kwa mwili.

Kezilahabi hakuishia hapo. Mwishoni anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu walumbane. Wapo wanaosema sehemu hiyo imezidi mno, kwamba ni kiraka kilichoshonwa juu ya riwaya iliyokwisha. Mimi naona kinyume. Ndiyo mara ya kwanza Rosa anapewa nafasi ya kusema mwenyewe, mbele ya baba yake, bila kupigwa. Ilibidi afe kwanza ndipo apate kauli. Kama hiyo si hukumu juu ya jamii yetu, basi sijui hukumu ni nini.

Vijiriwaya vyetu

Baada ya hapo ulikuja mfumuko. Faraji Katalambulla alikuwa ameshafungua njia ya hadithi ya upelelezi kwa Simu ya Kifo (1965). Mwanzoni mwa miaka ya sabini John Simbamwene aliandika Mwisho wa Mapenzi na Kwa Sababu ya Pesa. Majina tu yanakueleza soko lilitaka nini. Kajubi Mukajanga akaja na Kitanda cha Mauti (1982), Ben Mtobwa na Dar es Salaam Usiku (1990). Vitabu vilikuwa vyembamba, vilikwenda mifukoni, viliuzwa stendi na stesheni. Baada ya vyombo vya habari kufunguliwa miaka ya tisini, hadithi za mapenzi zikahamia magazetini kwa mfululizo, na watu wakawa wananunua gazeti kwa ajili ya ukurasa mmoja tu.

Lawama kubwa dhidi ya maandishi haya ni kwamba yana "mambo ya chumbani" kupita kiasi. Lawama hiyo hainishtui. Fasihi yetu simulizi haijawahi kuona haya ya mwili. Waulize waliochezwa unyago. Tatizo liko kwingine. Katika vijiriwaya vingi nilivyosoma, chumbani kunaelezwa kwa kurasa tano, na mazungumzo baada ya chumbani hayapo. Watu wanavuana nguo bila kuambiana ukweli. Profesa F.E.M.K. Senkoro aliandika kitabu kizima mwaka 1982 kuhusu kahaba katika fasihi ya Afrika, na tangu hapo tumezoea kuuliza kwa nini mwanamke wa riwaya zetu anauza mwili. Tungeuliza pia kwa nini haaminiwi hata anapokuwa hauzi chochote.

Napendekeza tutofautishe siri za aina mbili. Kuna siri inayogunduliwa na kuna siri inayosimuliwa. Siri inayogunduliwa ni ya barua iliyokamatwa, mlango uliofunguliwa ghafla, jirani aliyeona. Inampa mwandishi kishindo, na kwa kawaida inampa mwanamke adhabu. Siri inayosimuliwa ni ile ambayo mwenyewe anaitoa kwa mdomo wake, kwa mtu aliyemchagua, akijua anaweza kuachwa. Hii haina kishindo kikubwa, na ni ngumu kuiandika. Lakini ndiyo pekee inayozaa kuaminiana. Huwezi kumwamini mtu kwa sababu umemfumania; utakachokuwa nacho ni habari zake tu.

Je, Kiswahili kina riwaya ya aina ya pili? Ninao mfano mmoja ninaoupenda: Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Yasmin aliozwa kwa mzee Raza akiwa mdogo, akatoroka ndoa ile. Anapokutana na Denge, yeye tayari ni mwanamke mwenye yaliyopita, na mji mzima unayajua. Denge hampimi. Zaidi ya hapo, yeye ndiye mwenye siri: anafanya siasa za chinichini dhidi ya Mwingereza, na siri hiyo ikivuja kuna jela. Yasmin anaingizwa ndani ya siri hiyo, anakabidhiwa. Kwa lugha yetu ya Tabora, amepewa mali kauli. Nadhani ndiyo maana mapenzi yao, pamoja na vikwazo vyote, yanasomeka kama mapenzi ya watu wazima wawili.

Utaniambia Unguja ni mji, si Namagondo. Kweli. Lakini mji mkongwe wa Unguja kwa uvumi wake ni mji mdogo kuliko vijiji vingi. Wala waandishi hao wawili hawakupungukiwa na ujasiri. Tofauti ni kwamba Kezilahabi alituonyesha kuaminiana kunavyouawa, na Shafi akaonyesha kunavyoweza kuzaliwa. Tunawahitaji wote wawili.

Hitimisho

Nimalizie nyumbani. Nakala ya kwanza ya Rosa Mistika niliyoisoma haikuwa na jalada wala kurasa nne za mwanzo. Ilikuwa imefungwa kwa gazeti, imekaa chini ya godoro la mama mdogo, Mtendeni. Ilipita mikononi mwa wanawake wa nyumba ile mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidhani mwenzake hajui. Wote walikuwa wanasoma kitabu kimoja kwa siri, ndani ya nyumba moja, hawaambiani!

Mahali Charles anapomwacha Rosa, pembeni mwa ukurasa, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, maneno matatu: "Na yeye je?"

Sikujua ni mwandiko wa nani. Likizo iliyopita nilijipa moyo nikamwuliza mama mdogo. Alicheka kwanza, akaniuliza kitabu kile nimekitoa wapi. Kisha akakaa kitako, akaacha kuchambua mchele, akaanza kunisimulia mambo yake ya ujana ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa nimekabidhiwa. Aliponyamaza aliniambia, "Haya mwanangu, na wewe sasa niambie yako."

Swali lile la pembeni mwa ukurasa, uhakiki wetu haujalijibu bado. Kila tunapochambua riwaya ya mapenzi tunaanza na kosa la mwanamke kisha tunaita hiyo dhamira. Siku tutakapoanza na swali la mama mdogo, nadhani tutavisoma vijiriwaya vyetu bila kuvifunika kwa shuka, na tutawadai waandishi wake kitu kigumu kuliko heshima: watu wawili wanaoketi, mmoja anasema, mwingine anasikiliza, halafu zamu inageuka.